Nyumba Kumi na Sita na Shamba Moja

Jumapili, 10 Machi 1985

Leo nimekasirika mpaka nimeiacha cherehani yangu. Lela ameniambia, "Mama, yaandike hayo, usije ukapasuka." Daftari lenyewe ni lake la shule, nusu yake haikutumika. Haya, naandika.

Nilikwenda soko la Gikomba, hapa Nairobi, kutafuta kunde. Mbele yangu palikuwa na mama mmoja wa Kikamba, ndiyo kwanza ameteremshiwa gunia lake, hata halijatua chini vizuri, dalali akalikamata. Akamtajia bei, nikaisikia kwa masikio yangu haya. Mama akanung'unika, akapokea. Dalali akamwita hamali, gunia likabebwa hatua saba (nimezihesabu), likafunguliwa, na mimi nikatajiwa bei mara tatu ya ile. Hatua saba! Kunde zile hazikuota wala kukauka wala kupepetwa ndani ya hatua saba. Nikamuuliza, "Wewe bwana, umezifanyia nini kunde hizi?" Akanijibu bila hata kuniangalia, "Mama, kama bei huitaki, nenda ukalime."

Nikamwacha na kunde zake, nikamfuata yule mama mpaka kituo cha mabasi. Anaitwa Kanyiva, shamba lake liko Kangundo. Nikamuuliza kwa nini asikatae. Akacheka kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inalowesha. "Nikikataa huyu, nitamuuzia nani? Wote wameelewana. Nirudi na gunia nyumbani, na nauli?"

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limenichoma. Ramadhani ya mwaka jana, ule mwaka wa ukame, kiazi kimoja kilikuwa na bei ya kuku. Mimi Muhiba binti Faki, niliyezaliwa Majengo hapa hapa na kulelewa katika nyumba ambayo sahani za futari zilitoka tano kila magharibi, nilifuturu kwa uji mtupu siku kumi na moja. Nilifunga mlango ili jirani asiione meza yangu. Sikumpelekea mtu sahani hata moja. Nimeapa haitatokea tena. Mwaka huu Ramadhani itaangukia Mei, na nitafuturu kwa chakula cha mtu mzima, na jirani yangu pia.

Jumanne, 12 Machi

Kikao uani kwangu. Wamekuja kina mama wengi kuliko viti. Kanyiva mwenyewe alikuja, amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

Tumeelewana hivi. Nyumba kumi na sita zinamlipa kabla, mwanzo wa kila mwezi, hazisubiri mzigo. Yeye kila Alhamisi analeta kilichotoka shambani, tunagawana sawasawa. Hakuna dalali wala hatua saba. Kanyiva alisimama akasema, na nayaandika kama alivyoyasema ili mtu asije akayageuza: "Muhogo wangu uko ardhini, ulivumilia ukame. Viazi vitamu nilipanda vuli, navyo viko ardhini. Hivyo tusiviguse. Vikae huko mpaka mwezi wenu wa kufunga, ndiyo nivitoe. Kwa sasa nitaleta kile shamba inatoa. Ikitoa mingi mtakula mingi, ikitoa kidogo mtakula kidogo. Mvua ikikataa, tutalia pamoja."

Fatu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akasema, "Mimi kulia sitaki, nataka viazi." Watu wakacheka. Nerima naye alikubali haraka. Huyu ni wa Bungoma, anafanya kazi kiwanda cha soksi na anakaa mtaa wa Shauri Moyo. Si Mwislamu, lakini alisema bei ya sukuma wiki haina dini.

Wote walinitazama mimi. Nikasema, "Dhamana ni yangu." Basi imekuwa yangu.

Ndugu yangu Muhidin, mwenye kibanda cha mboga karibu na msikiti, alipita akasimama mlangoni. Nikamkaribisha, akasema ana wateja.

Alhamisi, 14 Machi

Mzigo wa kwanza. Majani ya kunde, malenge mawili na limau. Nimepanga mafungu kumi na sita kwenye mkeka. Ili mtu asilalamike, tumegawa kwa mgongo: Fatu aligeukia ukuta, mimi nagusa fungu nauliza, "Hili la nani?" na yeye anataja jina bila kuona. Hata mimi fungu langu lilikuwa la mwisho, na lilikuwa dogo. Nikalichukua.

Kumbe mbali na mzigo Kanyiva alikuja na kiondo kidogo kilichofunikwa. "Hii ni ya Mama Lela." Ndani mna mayai kumi. Nikashtuka. Siku ya kwanza tu, na kiongozi keshaanza kupelekewa vya pembeni! Rushwa huanza hivi hivi, kwa mayai. Nikayapanga juu ya mafungu kumi mbele ya watu wote, na nyumba sita zilizokosa zikanuna. Kiondo nikakikung'uta, nikampa. Nadhani amenielewa.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua usiku kucha. Bati linavuja pale pale juu ya cherehani.

Alhamisi, 21 Machi

Majani ya kunde. Kiondo tena, mara hii ndizi. Nimezigawa.

Jumatatu, 25 Machi

Nimepita kibandani kwa Muhidin. Nyanya zimeanza kulainika, sukuma wiki imekuwa njano. Nikamwambia anunue kidogo kidogo, biashara ni akili. Akanitazama tu. Huyu mtoto tangu utoto wake hapendi kuambiwa.

Alhamisi, 28 Machi

Majani ya maboga. Fatu alilishika fungu lake kwa vidole viwili akalinyanyua juu watu wote waone. "Muhiba, hebu nitazame vizuri. Nina pembe?"

Wenzake wakaangua kicheko. Kanyiva alikuwa palepale anakunja magunia yake. Mimi ndiye niliyesema. Niliwauliza nani alidanganywa hapa, nani aliahidiwa pilau mwezi Machi. Viazi viko ardhini kwa ajili yetu, na ardhi ni ghala lisilokodiwa. Lakini nani anasikia? Watu wa mjini tunadhani kiazi huzaliwa ndani ya gunia.

Kiondo: mayai. Nimegawa.

Jumapili, 31 Machi

Mvua. Choo cha uani kimefurika. Mwenye nyumba haonekani, ila tarehe mosi ataonekana.

Alhamisi, 4 Aprili

Majani ya maboga tena, na terere, mchicha wa porini. Nerima amekuja nyumbani kunionyesha namna ya kuyapika. Unavua nyuzi za bua kwanza, hilo sikulijua, ndiyo maana tulikuwa tunatafuna kamba. Yeye hutia maziwa, mimi nimetia tui. Sitadanganya, yalikuwa matamu. Nimempelekea Fatu bakuli, amelirudisha na vitumbua viwili na maneno: "Nimekula, lakini sijashawishika."

Wakati tunavua nyuzi, Nerima aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama Lela, hiyo kiondo ya Kanyiva unairudisha hivyo tu? Kwetu chombo haiendi tupu." Nikamwambia hata kwetu ni hivyo hivyo, nani asiyejua? Sahani ya jirani hairudi tupu, hata uweke chumvi. Lakini hili si la ujirani, hili ni la mkataba, na kwenye mkataba mimi sili cha pembeni. Akaendelea kuvua nyuzi. Watu wengine hawazielewi kanuni.

Kiondo cha leo kilikuwa na mahindi ya kuchoma. Mahindi manane kwa nyumba kumi na sita, tumeyakata nusu nusu.

Jumapili, 7 Aprili

Pasaka ya kina Nerima. Ameniletea mkate. Nimemrudishia sahani na kaimati.

Alhamisi, 11 Aprili

Majani. Na kiondoni leo asali, kwenye chupa ya mvinyo iliyooshwa. Nimeigawa kwa kijiko, kijiko kimoja kimoja. Kanyiva alisimama akatazama mpaka kijiko cha mwisho.

"Mama Lela, wewe hupendi asali?"

Nikamwambia, "Hapa kila kitu ni cha kumi na sita." Akatikisa kichwa polepole, akachukua kiondo chake. Nilijisikia vizuri. Haki ni kitu kizuri ikionekana.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo hakuja na kiondo. Alhamdulillahi, ameelewa hatimaye.

Alhamisi, 25 Aprili

Majani, majani, majani. Nyumba tatu hazikuja kuchukua mafungu yao. Fatu alikuja, akachukua lake, akaliweka mlangoni kwangu. "Nimechoka, Muhiba. Mume wangu ameniuliza kama nimeolewa na Mkamba kwa siri." Nikamwambia mumewe aulize pia nani atamlisha mwezi wa kufunga. Tumerushiana maneno ambayo siyaandiki hapa. Miaka thelathini tunaazimana kinu, leo tunatupiana majani.

Nimekosa usingizi. Si kwa sababu ya Fatu. Nimewaza, je, kama viazi havipo? Sijaviona kwa macho. Nimeweka dhamana kwa kitu kilichofukiwa.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Muhidin amekuja, mara ya kwanza tangu Machi. Ameketi, amekunywa chai vikombe viwili, ameuliza hali ya cherehani. Ndugu yangu amepoa. Akaniuliza habari za mradi wetu, shamba lenyewe liko wapi hasa. Nikamweleza kama nilivyoelezwa: unashukia Kangundo sokoni, unashika njia ya kanisa, ukivuka kijito ni boma la tatu. Akasema, "Umefanya kazi kubwa, dada." Nimefurahi. Neno zuri la ndugu si haba.

Alhamisi, 2 Mei

Maharagwe mabichi! Machache, lakini ni maharagwe. Hata Fatu alitabasamu upande mmoja wa uso.

Alhamisi, 9 Mei

Kanyiva hakuja. Mvua kubwa, bila shaka barabara imekatika.

Jumatatu, 13 Mei

Muhidin ananiambia amesikia Gikomba kuwa madalali wameingia Kangundo, wanachukua viazi shamba kwa shamba. "Dada, sitaki kukutisha. Lakini hawa watu wa mashamba, ukiwapa hela mbele ndiyo basi." Nikamfokea. Nikamwambia Kanyiva si mtu wa hivyo. Alipoondoka nikahesabu fedha zote tulizompa Kanyiva.

Alhamisi, 16 Mei

Hakuja.

Wamekuja wao, wenzangu wa nyumba zote, uani, bila kuitwa. Ramadhani ni Jumanne, mwezi ukiandama mapema. Mmoja akasema hela zake zimeliwa, mwingine akasema alijua tangu mwanzo, ingawa tangu mwanzo sikumsikia. Fatu akasimama katikati. "Tuligawana majani wiki nane, tukaambiwa viazi viko ardhini. Haya, Muhiba, tuchimbie. Hapa uani kwako, tuchimbie!"

Nilisema Jumamosi nitakwenda mwenyewe Kangundo, na kama mwanamke yule amekula chakula chetu, atakitapika. Nerima akasema ataomba ruhusa kazini. Fatu akasema na yeye atakuja, ili ashuhudie.

Nimewasha taa tu kuandika haya. Hasira niliyo nayo juu ya Kanyiva haina kipimo. Yule dalali wa Gikomba angalau aliniibia usoni. Huyu nilimpa kiti, nikamtetea mbele ya watu wangu, nikagombana na shoga yangu kwa ajili yake. Na mwaka huu tena nitafunga mlango magharibi ikifika? Nasema hapana.

Jumamosi, 18 Mei

Nina udongo kwenye kucha na sijui nianzie wapi.

Tulifika asubuhi. Boma la tatu baada ya kijito. Sikupiga hodi wala kutoa salamu, nikamwona Kanyiva shambani na vibarua wawili wanachimba viazi vitamu na kuvijaza kwenye magunia. Viazi vyetu! Vikubwa, vyekundu, vyenye udongo. Nikapaza sauti kutoka kwenye uzio. Nilimwita mwizi. Nilimwita na mengine. Jirani zake walitoka kutazama.

Kanyiva alimaliza kujaza gunia, akalisimamisha, akajipangusa mikono, akaingia nyumbani. Akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. "Pesa yenu ya mwezi wa tano. Iko yote. Ndugu yako nilimpa akaikataa, alisema nyinyi mtakuja wenyewe."

Nikamuuliza ndugu yangu nani.

"Una ndugu wangapi? Yule wa kibanda cha mboga. Alikuja hapa Jumatatu, ile ya baada ya sikukuu ya wafanyakazi. Akasema, dada yangu amenituma. Wamechoka na majani, hawakutaki tena, uza vitu zako unakotaka. Siku ya pili dalali akafika, na akanitajia jina ya ndugu yako."

Nikasema, "Na wewe ukamwamini?"

"Kwa nini nisimwamini? Ana sura yako."

Kisha akasema yaliyobaki, na hakuinua sauti hata kidogo. "Mama Lela, mimi nilikuletea mayai, kwa sababu uliniona Gikomba nikidhulumiwa na ukanifuata kuniuliza jina. Hakuna mtu Nairobi alikuwa ameniuliza jina. Ukayagawa mbele yangu. Nikaleta ndizi, ukagawa. Asali ilikuwa ya mzinga wa marehemu mzee wangu. Ukaigawa na kijiko, kama dawa. Na kiondo nikarudishiwa kitupu, mara tano, kimekung'utwa. Hapa kwetu ukirudishiwa kiondo kitupu umeambiwa usirudi. Ndugu yako alipokuja kuniambia hamnitaki, mimi niliona amechelewa."

Ee Mola wangu. Mimi, ninayewafundisha wengine adabu! Sahani ya jirani nisingeirudisha tupu hata nikiwa naumwa, lakini chombo cha mwanamke huyu nilikikung'uta kama najitenga na najisi, na nikajipongeza. Nilimwona mwuzaji, nikasahau kumwona jirani. Nilisema, "Nimekosa." Nilisema mara mbili.

Fatu akanivuta mkono. "Muhiba, ulimi wangu huu. Muhidin aliniuliza kama tumechoka, nikamwambia tumechoka, hata bure hatuyataki. Maneno yake hakuyatunga yote."

Mchana lori la dalali likafika. Na ni yule yule wa hatua saba, naapa! Nikamwendea. Nikamwambia shamba hili limelipiwa tangu Machi, na kama anataka viazi, na aende akalime. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo miezi miwili. Aliniangalia kama inzi. "Mama Kanyiva, huyu ni nani?"

Nikamgeukia Kanyiva anitetee. Akasema, "Nyamaza, Mama Lela. Viazi nimemuuzia. Nimempa neno."

"Lakini alikupata kwa uongo!"

"Uongo alisema ndugu yako. Mimi neno nilisema mwenyewe." Akamwonyesha dalali magunia. "Hizo kumi na moja ni zako. Muhogo sikukuuzia, wala malenge. Hiyo ina wenyewe."

Nilitamani kuuma kitu. Nilisimama nikatazama magunia kumi na moja yakipanda lori, futari ya nyumba kumi na sita. Ilinichukua mpaka lori limepotea kukubali kuwa, kama angelivunja neno lake kwa dalali, nisingekuwa na sababu ya kuliamini neno lake kwangu. Kukubali nimekubali, lakini bado nina hasira.

Tukachimba muhogo. Mimi na Fatu tulifunga mabuibui viunoni. Nerima alichukua jembe la Kanyiva na kumbe huyu mtu wa soksi anajua kazi, anaung'oa muhogo mzima bila kuuvunja. Fatu alivuta shina, likatoka ghafla, akaketi kwenye tope na mguu mmoja juu, na Kanyiva akacheka mpaka akajishika mbavu. Basi sote tukacheka. Magunia sita ya muhogo, malenge ishirini na mbili.

Kabla ya kuondoka nilimrudishia ile pesa ya mwezi wa tano, kisha nikaenda mwenyewe jikoni kwake kukitafuta kiondo. Nikavua leso yangu ya juu, ile mpya, nikaikunja, nikaitia ndani. Akaipokea kwa mikono miwili.

Jumapili, 19 Mei

Tumegawa. Nimewaeleza wote uani jinsi ilivyokuwa: kiondo nilivyokirudisha, na Muhidin alivyosema. Sikuficha jina lake, ingawa damu ni nzito. Muhogo utafika nusu ya mwezi, tukijibana. Viazi hakuna.

Nilikwenda kibandani kwake. Kimefungwa.

Jumatatu, 20 Mei

Kibanda kimefunguliwa. Kimejaa viazi vitamu mpaka barabarani.

Vile vile! Nimevitambua kwa udongo mwekundu. Bei yake siiandiki, kalamu itaona haya. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikatazama wanunuzi, na kati yao niliwahesabu wanne wa nyumba zetu kumi na sita. Fatu alikuwa wa tatu kwenye foleni, na leso yake ameishusha mpaka kwenye nyusi kana kwamba simjui kwa mwendo. Nilimsubiri kwenye kona.

"Muhiba, nina wanaume watano nyumbani. Muhogo peke yake hawatauelewa."

"Na mimi utanielewa lini?"

"Viazi havina kosa," akasema, akapita.

Muhidin aliniona. Aliinamisha kichwa akaendelea kupima. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nikiisema methali hii kwa mdomo tu.

Mwezi umeandama. Kesho tunafunga.

Jumanne, 21 Mei. Ramadhani mosi

Nimepika muhogo wa nazi, na malenge ya sukari, na uji wa pilipili manga. Alasiri Lela amepeleka sahani: moja kwa Nerima, ambaye hafungi lakini alichimba, moja kwa mzee wa nyumba ya mwisho, mbili kwa majirani wa mbele, moja kwa Fatu. Ndiyo, kwa Fatu. Amerudisha sahani na viazi vitamu viwili vya kuchemsha, na nimevitazama muda mrefu. Nimempa Lela avile.

Zimetoka sahani tano, kama enzi za mama. Mlango nimeuacha wazi, wazi kabisa, na mkeka nimeutandika pale pale mtu yeyote anayepita anaona.

Dakika chache kabla ya adhana kivuli kikasimama kizingitini. Muhidin, mikono mitupu. Amekonda, sikuwa nimeona.

"Dada, hodi."

Nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu Jumamosi, na ninayajua yote kwa moyo. Nilimwambia baadhi. Nilimwambia amekula futari ya watu wanaomwita mjomba. Nilimwambia alitumia uso wa baba yetu kusemea uongo. Akasikiliza mpaka mwisho.

Kisha akasema, "Nyumba zile kumi na sita zote zilikuwa wateja wangu. Ulikaa kikao hapa uani, mlango wazi, nikapita nikakusikia unawachukua mmoja mmoja. Hukuniuliza. Hata kuniambia, Muhidin, nawe ingia uwe wa kumi na saba, hukuniambia. Nyanya zangu zikaoza, ukaja ukanifundisha biashara."

Alikuwa amesimama mlangoni siku ile ya Machi, nimeiandika mwenyewe humu, na nilichokiona ni mtu asiyetaka kuingia.

Hilo halifanyi uongo wake kuwa kweli. Hata kidogo. Angekuja kunifokea mimi, nilikuwa hapa, siku zote niko hapa kwenye cherehani. Hakuja kunifokea, alipanda basi kwenda kumdanganya mwanamke asiyemjua.

Muadhini akaanza. Mtu hafukuzwi mlangoni wakati wa adhana, si katika nyumba hii. Nikasogea kwenye mkeka, nikamkatia muhogo, nikaumwagia tui zito la juu, nikaisukuma sahani mbele yake. Alikula akiwa ameinama. Akaomba tena, nikampa tena. Kisha akanawa.

Alipoondoka Lela akaniuliza, "Kwa hiyo yamekwisha, mama?"

Nikamwambia nimemfuturisha, thawabu nimepata. Kumsamehe sijamsamehe. Leo ni mosi tu.